Kazi Yangu ya Kueleza Kisu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kanzu fupi nyeupe yenye doa la ayodini kifuani, ndoo ya bati yenye kifuniko, na onyo. Onyo lilitoka kwa Dresa Mkuu, mzee wa Kirabai mwenye mvi hata kwenye nyusi.

"Ndoo hii yatoka chumba cha upasuaji," akaniambia. "Kaimwage shimoni kule nyuma. Usifunue. Ukifunua, usiulize. Ukiuliza, usije kunililia mimi."

Nilifunua kabla sijafika nusu ya njia, nikarudi nayo.

"Mzee, hiki kinachofanana na ngozi ya ngoma ni nini?"

"Si nimekwambia usiulize?"

"Nimeshauliza."

Akanikazia macho, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. "Ni mfuko wa busha. Mwenyewe amelala kitanda cha sita. Wiki ijayo atakwenda kwake akitembea kama bwana arusi. Haya, kamwage. Lakini wewe hutakaa hapa. Una macho ya mtu wa kupita."

Alinijua mapema. Skuli niliiacha darasa la tatu, si kwa ujinga wala kwa ufukara, ila miguu yangu haikujua kutulia. Nilichukua magunia bandarini Shimanzi, nikakata mkonge Tanga, nikamenya viazi katika meli iliyokwenda Bombay na kurudi, nikalala kwenye maghala, kwenye vibaraza na mara moja ndani ya behewa tupu kule Voi. Kila nilipofika niliuliza: hiki chaitwaje, kile chafanyaje kazi. Kwa hiyo, ingawa sikuwa na cheti hata kimoja, nilikuwa na Kigiriama cha kutosha, Kidigo, Kikachi cha Wahindi wa madukani, na Kiingereza cha mabaharia ambacho si cha kusema mbele ya wanawake.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ilikuwa hapa kisiwani Mombasa, ilikuwa miaka ya vita, na wengi niliofanya nao kazi wametangulia mbele ya haki. Niliingia kwa mlango wa ajabu: nilimpeleka kuli mwenzangu aliyesagwa kidole na kreni, nikasimama mlangoni kutazama anavyoshonwa, na nikakataa kuondoka. Dresa Mkuu akasema, kama hutaki kuondoka basi shika hiki. Akanipa beseni.

Dresa, kwa nyinyi msioyajua mambo ya zamani hizo, alikuwa mtu wa vidonda. Kila asubuhi tulichemsha mikasi na koleo ndogo ndani ya sufuria, tukafungua bandeji za jana, tukasafisha, tukapaka dawa, tukafunga upya. Kidonda kilichokauka damu tulikilowesha kwanza kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, maana ukiivuta bandeji kavu utang'oa na nyama changa iliyoota usiku. Dresa Mkuu alinichapa kiganja kwa rula siku niliyosahau. "Huyu amekesha akiotesha nyama," akasema, "nawe waja kuing'oa kwa dakika moja."

Kazi ya kueleza ilinijia kwa bahati tu. Daktari Mkuu wa upasuaji alikuwa Mzungu mrefu, mkali kwa saa zake, mpole wa mikono. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani kwa masetla. Asubuhi moja alisimama mbele ya Mgiriama mmoja mwenye ngiri akamwambia, "Mimi takata tumbo yako. Kidogo tu. Kesho wewe pona." Yule bwana alisikia la kwanza tu. Alitoka kwa dirisha na shuka la Serikali, na tulimkuta amekaa chini ya ukuta wa nje akisoma dua za kwao.

Nilichuchumaa karibu naye. Nikamwambia kwa lugha yake, "Baba, nyumbani una ua wa makuti?"

"Ninao."

"Kuti moja likioza, mbuzi hufanyaje?"

"Hutia kichwa."

"Basi tumbo ni ua, na utumbo wako ni mbuzi. Umepata ufa pale kinenani, umetia kichwa. Ukilala unarudi, ukibeba mzigo unatoka. Siku moja utanasa shingo usirudi, na mbuzi aliyenasa shingo hufa. Daktari atafungua ngozi, amrudishe mbuzi zizini, aushone ua. Hakati tumbo. Anashona ua."

Akafikiri. "Na mbuzi hatamchinja?"

"Hamgusi."

Akarudi ndani kwa miguu yake. Daktari Mkuu aliuliza, "Wewe ambia yeye nini?" Nilipomfasiria hadithi ya mbuzi, alicheka kidogo, akamgeukia Sista wa wodi na kusema kitu kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyetia dole gumba kwenye wino wa ile karatasi ya kukubali kisu kabla sijaketi naye. Wodi nzima wakaniita Bwana Mfano.

Niliipenda kazi ile kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Wenye busha walikuwa wengi, maana maradhi hayo ni ya pwani, na watu wakiyasingizia madafu. Waliona haya, wakificha chini ya kanzu pana. Niliwaambia: mfuko ule ni kiriba kinachovuja maji kwa ndani kila siku. Fundi wa mtaani hutoboa akayamwaga, na kabla ya mwezi yamerudi. Daktari hukifungua kiriba chenyewe, akakigeuza nje ndani, akakishona, maji yasipate tena pa kukaa. Alikuwapo mwenye duka mmoja wa Ndia Kuu, Muislamu wa asili ya Bara Hindi, mtu wa heshima zake, aliyenisikiliza mpaka mwisho kisha akaninong'oneza, "Bwana Mfano, hiyo kiriba shona mbili-mbili, mimi nalipa." Nikamwambia cherehani ya Serikali haipokei chochote.

Wenye mtoto wa jicho niliwaambia habari ya fanusi. Ndani ya jicho kuna kioo kidogo, na uzeeni kikaingia moshi. Moshi huo haufutiki, umo ndani ya kioo. Hutolewa kioo chote, mwanga ukapita. Baadaye mtu hulazwa chali siku nyingi, macho yote mawili yamefungwa, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa asije akageuka. Hilo la mifuko ndilo lililowashinda wengi, si kisu. Niliketi nao, nikawasimulia Bombay.

Na dawa ya usingizi. Siku zile ilikuwa etha, yenye harufu tamu ya kuchefua. Mgonjwa aliwekewa usoni kitu kama kichujio cha waya kilichovishwa shashi, na dawa ikatonwa juu yake tone kwa tone. Dresa Mkuu alinifundisha kwa nini lazima tumbo liwe tupu. "Usingizi huu hulegeza kila kitu," alisema, "hata mlango wa koo. Kilichomo tumboni hupanda, kikateremkia njia ya pumzi. Mtu hufa maji katikati ya nchi kavu." Kisha akaniinulia kidole. "Hilo usiwaambie. Ukiwaambia hilo, hatabaki mtu kitandani."

Nikaeleza kila kitu ila hilo.

Lakini kuwazuia watu chakula kulitutoa jasho. Mtu wa pwani hawezi kufahamu mgonjwa aende kisuni na njaa. Mama waliingiza uji ndani ya buibui, wake walificha mikate chini ya mito, na Sista akipita kutwa akinusa kama paka. Ndipo nikapata mfano niliouona mzuri kuliko wote. Kwa Waislamu, waliokuwa wengi wodini, nikaacha kusema "usile." Nikasema, "Kesho unafunga, kama ulivyofunga Ramadhani." Maneno yale yalikuwa na heshima ndani yake. Mtu aliona si Mzungu anayemnyima chakula. Mikate chini ya mito ikakoma. Sista akaniandikia sifa kwa kalamu nyekundu.

Sasa niwaeleze habari ya Athmani.

Nyuma ya Ndia Kuu, katika kichochoro ambacho watu wawili hawapishani bila kuombana radhi, palikuwa na kibaraza cha Bi Rehema. Alikuwa mjane, na mahamri yake na mbaazi za nazi ndiyo yaliyonifungulia siku miaka yote ile. Mwanawe wa pekee, Athmani, alikuwa kuli Shimanzi, kijana wa miaka ishirini na sita hivi, mabega mapana, mzaha mwingi, na ngiri iliyokuwa ikikua. Alijifunga kitambaa kinenani akaendelea kubeba. Jioni alirudi rangi imembadilika.

Asubuhi moja Bi Rehema aliniwekea sahani, asiondoke.

"Mwanangu yuwaogopa kisu," akasema. "Amechumbia, na mahari tumeshawekeana maneno, na mtu mwenye kile kitu ataoaje? Wewe wajua kueleza. Mweleze."

Athmani alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo. "Mama, huyu Bwana Mfano atanipa habari ya mbuzi. Mji mzima waijua."

"Basi nitakupa ya ng'ombe," nikamwambia, "maana wewe ni mkubwa."

Akacheka, akaketi. Nilimweleza kwa mkia wa kijiko juu ya sinia: hapa ukuta, hapa ufa, hapa uzi. Nilimwambia nimeona wengi wakitoka salama. Alipokwisha kukubali, mamaye aliniambia maneno ambayo mtu wa kwetu hayasemi ovyo: "Nimekukabidhi."

Ramadhani ilikuwa imepita kama miezi miwili. Athmani alilazwa siku ya Jumatatu mchana. Alasiri nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, nikamfuatisha mambo yote moja moja, na mwisho nikamwambia: "Na kesho unafunga, kama Ramadhani."

"Kama Ramadhani," akasema. "Hilo nalijua."

Saa ya wageni Bi Rehema alikuja na bakuli lililofungwa kwa kitambaa. Nililiona. Nikadhani ni chakula cha jioni, na cha jioni kiliruhusiwa. Nikamwamkia, nikapita.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa chumba cha upasuaji nimeshika mkono wake, kama nilivyowashika wote. Alinifinya vidole. "Ng'ombe wako huyu," akasema chini ya shashi. Daktari Mkuu hakuwa amegusa hata kisu. Dresa Mkuu alikuwa akitona etha, tone, tone, na Athmani akaanza kujipigapiga kama wafanyavyo wengi kabla ya kulala. Kisha tumbo likajikunja. Kisha ukapanda wali.

Tulimgeuza. Tulimwinamisha kichwa. Dresa Mkuu alitia vidole kooni, Daktari Mkuu akachukua mpira wa kuvutia akawa anavuta, na wote tuliona punje za wali na kunde na tui likiwa bado jeupe. Uso wa Athmani ulikuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Walimsukuma kifua mpaka Daktari Mkuu akanyoosha mgongo, akatazama saa ya ukutani, akavua glavu moja tu, ya pili akaisahau.

"Wewe ambia yeye?" akaniuliza.

"Nilimwambia, Bwana Daktari. Nilimwambia afunge."

"Hakika?"

"Hakika."

"Basi yeye kula siri," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili: mgonjwa alikula kwa siri.

Nami niliamini. Nilimkasirikia Athmani, Mungu anisamehe. Nilikwenda wodini kukunja godoro lake nikiwa na hasira hiyo. Kitanda cha pili yake alilala mzee wa Kidigo wa mtoto wa jicho, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga kichwani. Alisikia nikivuta shuka.

"Kijana amerudi?"

"Hakurudi, mzee."

Akasema, "Kijana mzuri. Aliamka kabla ya adhana, akala daku. Alinikaribisha, nikamwambia baba mimi sifungi. Nilisikia harufu ya wali wa nazi, nikatamani. Alipomaliza akasukutua, akanuia kwa sauti, akaniambia, Mzee, sasa nimefunga, mpaka waniamshe."

Nilikaa juu ya godoro lililokunjwa.

Nyinyi mnaosoma mtauliza, na mimi nimejiuliza maisha yangu yote: Muislamu mzima alisahauje daku? Sikulisahau. Sikuwa nalo. Daku huliwa na mtu mwenye wa kumwamsha. Tangu nilipotoka kwetu nililala maghalani na vibarazani, na Ramadhani zangu zote nilifunga futari kwa futari, maana hapakuwa na mtu wa kunigusa bega kabla ya alfajiri akasema, haya, amka ule. Niliposema "kama Ramadhani," nilisema Ramadhani yangu. Athmani alifunga ya kwao, ya mtu mwenye mama. Na mama, alipopelekewa habari kwamba mwanawe afunga, alimpikia chakula cha kukaa tumboni, kama daku linavyotakiwa kuwa.

Hapo nilikuwa nimeshajua. Naandika hivyo kwa makusudi, maana yaliyofuata ndiyo kosa. Lile la kwanza lilikuwa ujinga.

Bi Rehema alikuja saa ya wageni na bakuli jingine. Daktari Mkuu alitoka mwenyewe mpaka mlangoni, jambo ambalo hakulifanya kwa kila mtu, akaniita nifasiri. Alisema kwa Kiingereza kwamba anasikitika; kwamba mwanawe alikula kwa siri ingawa alikatazwa; kwamba ni lazima watu wa mji wafahamu wasiwaletee wagonjwa chakula. Nilifasiri. Neno kwa neno, kwa Kiswahili safi, nikimtazama shingo badala ya macho.

"Kwa siri?" akasema. "Athmani?"

Midomo yake ikataka kusema jingine. Akatazama bakuli mkononi, akalitazama kwa muda mrefu, na mimi nikaona anachokifikiri: kwamba ni mkono wake. Sikusema kitu. Aliketi chini palepale kwenye saruji, na bakuli halikumwagika hata tone.

Siku ya tatu Dresa Mkuu alinisikia nikimweleza mgonjwa mwingine. "Usile, usinywe, wala daku," nilikuwa nikisema. "Daku hakuna."

Akanivuta stoo ya bandeji. "Tangu lini wataja daku?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza akiwa amekunja bandeji moja ileile mara tatu.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Basi iwe hivyo. Ukimwambia Daktari atakutoa. Atasema hawa hawawezi kuaminiwa kueleza, na wagonjwa watarudi kuambiwa, mimi takata tumbo yako. Wangapi wataruka dirishani? Wangapi ngiri itawanasa? Wafu hawana haja na maneno yako. Walio hai wanayo."

"Na mamake?"

Aliiweka bandeji rafuni akatoka. Alikuwa mtu mwema, na alisema kweli, ila hakuisema yote. Nami niliichukua ile nusu, maana ilinifaa.

Nilibaki kazini. Nilipata njia nyingine ya kwenda hospitali, ya kuzunguka, nisipite kichochoro kile. Niliwauliza wagonjwa wa zamani kila nilipokutana nao mjini: siku ile ya kisu, ulikula daku? Watatu walisema, ndiyo, kwani? Walikuwa hai, wakitembea. Mmoja alishangaa nilivyomshika mkono.

Vita vikaisha. Ikaja penisilini, sindano kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, na majipu yaliyokuwa yakituchukua mwezi yakawa yanakauka kwa juma moja. Daktari Mkuu akarudi kwao, akaja mwingine aliyejua Kiswahili cha vitabuni. Nami nilikuwa nimejifunza namna nyingine ya kufanya kazi, na hii nawaachia nyinyi mnaovaa kanzu nyeupe leo: usimuulize mgonjwa kama amefahamu. Kila mtu atasema amefahamu. Mwambie, "Haya, nisimulie wewe. Kesho ukiamka utafanya nini, kwanza, pili, mpaka tukuite." Kisha nyamaza usikilize. Na sababu ya jambo mpe, hata kama inatisha. Athmani angeijua sababu asingekula.

Ilikuwa kwa kinyozi, mwaka wa mwisho wa kazi yangu, nikiwa nimepakwa sabuni nusu ya uso. Vijana wawili walikuwa wakitaniana juu ya sinia la pilau la arusi.

"Yakhe, punguza. Utakufa na wali kama Athmani."

Wakacheka. Nikamuuliza kinyozi, Athmani gani?

"Msemo tu wa hapa," akasema. "Kulikuwa na mtu mlafi, aliiba chakula hospitalini akafa nacho mdomoni. Mamake yu hai, yuakaa hapo nyuma. Hawausemi mbele yake, lakini atakosaje kusikia?"

Sikungoja anyoe nusu ya pili.

Bi Rehema alikuwa kibarazani kwake. Hapakuwa na jiko wala sinia. Alikuwa akishona kofia, ameikaribia sindano kwa jicho moja. Nilimtolea salamu, akaitikia bila kuinua uso, kisha akaiinua.

"Bwana Mfano," akasema. "Njoo, keti. Uso wako una nini?"

Nilijifuta sabuni. Nikamweleza. Mara hii sikutia mfano. Nilimwambia nilichosema, alichokisikia Athmani, na alichosimulia yule mzee wa Kidigo. Sindano ilisimama katikati ya tundu.

"Alinuia?"

"Alinuia, Mama. Kwa sauti. Yule mzee alimsikia."

"Basi hakuiba."

"Hakuiba. Alitii. Chakula chako hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu."

Akashusha kofia mapajani. Alitazama ukuta wa nyumba ya pili, ulio karibu kiasi cha kuugusa.

"Na siku ile mlangoni," akasema, "ulipokuwa wanambia maneno ya Mzungu. Ulikuwa umeshajua?"

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimetayarisha majibu ya kila swali ila hilo.

"Nilikuwa nimeshajua."

Hakulia, wala hakupaza sauti. Alichomeka sindano ndani ya kofia ili isipotee. "Inuka," akasema. "Watu watoka kuswali alasiri. Simama hapo, waambie kama ulivyonambia mimi."

Nikasimama. Walikuja mmoja mmoja, viatu vikiburura, majirani, mwenye duka la karafuu, wale vijana wa kwa kinyozi. Kichochoro kilikuwa chembamba, basi aliyesimama aliwazuia wa nyuma, na punde pakawa na watu wa kutosha. Nilieleza. Nilikuwa mwelezaji mzuri, kila mtu alikuwa akisema hivyo. Nilipomaliza, mzee mmoja aliuliza, "Na kwa nini hukusema siku zote hizo, ewe bwana?" Kijana mmoja wa wale wa kinyozi alikwenda akaushika mkono wa Bi Rehema akaubusu. Wa pili alikuwa ameinama.

Walipotawanyika nilingoja.

"Mwanangu umenirudishia," Bi Rehema akasema. Alikuwa ameshaiokota kofia. "Wewe sijakusamehe. Siku nikikusamehe nitajua mwenyewe, si lazima ujue. Nenda."

Mwezi ule niliacha kazi. Waliobaki hospitalini walisema Bwana Mfano miguu imemuwasha tena, na sikuwasahihisha. Nilikwenda Tanga, nikaenda Unguja, nikaenda mbali zaidi. Niliporudi Mombasa baada ya miaka, nyumba ile ilikuwa na watu wengine, na kibarazani aliketi mwanamke kijana asiyejua jina la Bi Rehema. Nilimuuliza juu ya msemo ule wa wali. Hakuwahi kuusikia. Hilo lilinitosha kiasi, nikaketi hapo mpaka akaniuliza kama naumwa.

Nimezeeka sasa. Miguu imetulia, si kwa kupenda kwake. Nilioa nikiwa nimeshachelewa, mwanamke mwema wa mtaa wa Kuze, tukapata mabinti wawili, na wao wamepata wana wao. Nimepasuliwa mimi mwenyewe, ngiri ileile, na daktari msichana aliniambia nisile tangu usiku, akaniambia na sababu, akaniomba nimrudishie maneno. Nilimrudishia yote. Akashangaa kwa nini mzee analia kwa jambo dogo kama hilo.

Na kila Ramadhani, kabla ya adhana, huja mkono wa binti yangu ukanigusa bega. "Baba, amka. Daku." Huamka, huketi nao kwenye mkeka. Huniwekea wali wa nazi na kunde, kwa kuwa ndicho chakula cha kukaa tumboni. Huwatazama wakila, nikawasogezea sahani yangu pole pole mpaka ikawa tupu. Mimi hunywa maji, kisha hunuia.